Sabuni Iliyomwagiliwa

Fundi mwashi aliyeitwa Timazi hakupewa jina hilo bure. Timazi, kwa asiyejua, ni ile kamba yenye chuma kizito chini ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama sawasawa, na huyu bwana alikuwa nayo machoni. Akija kwako kukusalimu, kabla hajakuuliza hali, ataikazia macho fremu ya mlango wako na kusikitika. Picha ikipinda ukutani, hali wala hanywi mpaka ainyooshe. Basi mtu wa namna hiyo, anayeona ufa kutoka ng'ambo ya barabara, alikaa miaka kumi na miwili ndani ya nyumba yake mwenyewe asione kitu. Jamani wanaume! Na sitii chumvi hata kidogo.

Mkewe, Mama Kitinda, alikuwa fundi cherehani. Vipande vya sabuni vilivyokonda alivikusanya, akavitia katika soksi kuukuu na kuifunga, watu wakaogea tena. Timazi aliiona ile soksi, ila kwake ilikuwa kichekesho. Siku za malipo alikuja nyumbani na waashi wenzake, nyama kwenye mfuko, soda kreti zima, na mbele yao akamwita mkewe Benki Kuu.

"Benki Kuu, tutolee glasi! Usiogope, hatutazimeza!"

Wenzake walivunjika mbavu. Mama Kitinda naye alicheka, maana angefanyaje, kisha akaingia jikoni na kukaa huko kitambo.

Siku moja jukwaa la miti likakatika, Timazi akaja chini pamoja na ndoo ya zege. Mguu ukavunjika mahali pawili. Hospitali wakaufunga plasta kuanzia unyayoni hadi pajani, wakamwambia, miezi minne, bwana, na usitudanganye. Sasa kibarua asiyepanda ukutani halipwi. Wale wenzake walikuja wiki ya kwanza na machungwa, wiki ya pili mikono mitupu, wiki ya tatu wakatuma salamu.

Kilichobaki kuilisha nyumba kilikuwa cherehani ya Mama Kitinda, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyokaa kibarazani. Alipunguza suruali za watu, akabadilisha zipu, akashona sare moja moja. Haikutosha. Kodi ikalala mwezi wa kwanza, ikalala wa pili, na wa tatu ukaanza kujinyoosha. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole wa sauti tu, akasema mwisho wa mwezi ujao anataka pesa za hiyo miezi mitatu au funguo.

Mama Kitinda hakulia wala hakugomba. Alimwita Bwana Vyombo, yule mnunuzi wa vitu vilivyotumika. Akaja, akaikanyaga cherehani, akalizungusha gurudumu lake, akataja bei. Ilikuwa bei ya kulipa kodi yote na kubakiwa na kidogo.

"Ila nasafiri," akasema. "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao nitapita na mkokoteni. Usimwuzie mwingine."

Zilikuwa wiki saba. Timazi aliyasikia yote akiwa kitandani, mguu juu ya mto.

"Unauza mkono wako, Mama Kitinda?"

"Nauza chuma, mume wangu. Mkono ninao."

"Na ukishauza tutakula nini?"

"Nitafua nguo za watu. Kwani wanaofua wana pembe?"

Alisema hivyo huku akikunja kitambaa, bila hasira yoyote, na hapo ndipo Timazi alipoogopa. Hakuogopa kodi. Alikuwa amezoea mke anayejibu, anayebisha, anayepiga mlango. Huyu wa leo aliongea kama mtu aliyekwisha funga mizigo. Timazi alijua kabisa kwamba cherehani ile ikipandishwa mkokotenini kuna kitu kingine kitakachoondoka nayo, na hicho hakitanunuliwa tena.

"Usiuze kwanza. Nipe hizo wiki saba," akasema. "Nitaibana nyumba hii mpaka itoe jasho."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe usiyejua hata bei ya chumvi?"

Timazi akafikiri. "Kwani chumvi ni shilingi ngapi?"

Mama Kitinda akacheka mpaka akaketi. "Haya, bana. Tutaona nani atatoka jasho, nyumba au wewe. Lakini Jumamosi ile tukiwa bado hatujafikisha kodi, cherehani inaondoka, na sitaki kusikia neno."

Basi Timazi akashika magongo yake, akaanza kuikagua nyumba kana kwamba amepewa tenda. Bomba la uani lilikuwa likidondosha mchana na usiku. Akakata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakitia ndani, likanyamaza. Vumbi la mkaa lililokuwa likitupwa akalichanganya na udongo wa mfinyanzi, vipimo vinne vya vumbi kwa kimoja cha udongo, akafinyanga madonge ya kuwasha jikoni na kuyaanika. Akachukua kapu kubwa, akalijaza mabaki ya vitambaa vya mkewe, akatengeneza tundu la sufuria katikati. Maharage yakichemka nusu saa yanatolewa motoni, yanafunikwa humo kapuni, na yanaiva yenyewe bila mkaa. Mama Kitinda alipoifungua sufuria jioni na kukuta yameiva, alimtazama mumewe mara mbili.

Ila kubana kuna mipaka yake, na Timazi alipitiliza. Alichora mistari kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Alimsimamia mtoto wao Kitinda, msichana wa miaka tisa, akipiga mswaki.

"Dawa ya meno kiasi cha harage! Harage, nimesema, si ndizi!"

"Mama," Kitinda akauliza, povu mdomoni, "baba anarudi kazini lini?"

Kadiri alivyozidi kuichokonoa nyumba ndivyo alivyozidi kukuta kuna mtu amekwisha pita kabla yake. Kopo la vifungo vilivyong'olewa kwenye nguo zilizochakaa. Mashuka yaliyokatwa katikati na kuunganishwa upya ili sehemu nzima ndiyo ilaliwe. Siku moja alikuwa akitafuta tambaa la kusafishia, akashika shati lake la heshima, lile jeupe la kuendea harusini. Akaligeuzageuza kwa mazoea ya kukagua, akaona mshono shingoni. Kola ilikuwa imebanduliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa ukawa ndani. Akaangalia vizuri zaidi. Ilikuwa imegeuzwa, kisha ikabadilishwa kabisa kwa kitambaa kilichokatwa kwenye mkia wa shati lenyewe. Miaka yote alitembea kifua mbele akijidai kwamba shati lake halizeeki. Aliketi na lile shati mapajani, aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitaka kumwita mkewe amwambie neno, badala yake akalikunja shati na kulirudisha.

Wiki ya tatu akaja shangazi yake, dada wa baba yake, aliyestaafu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi usiolala.

"Mwanangu, unabana mkaa halafu sabuni unanunua? Sabuni si mafuta na soda kali tu! Sisi pale kazini tulijipikia wenyewe. Mama Kitinda, toa pesa tununue vitu."

Mama Kitinda alifungua kitambaa chake taratibu. "Shangazi, hizi ni za kodi. Ndizo tulizozibana wiki zote hizi. Zikipotea tumepotea."

"Hazipotei. Nipo."

Siku ya kazi, shangazi alimfukuza Kitinda atoke uani, akavaa glavu na miwani, akamvalisha na Timazi. Soda ile kali inaunguza ngozi, si ya kuchezea. "Soda ndani ya maji, si maji ndani ya soda! Ukikosea itakurukia usoni, na uso wenyewe huo huo ulio nao." Maji yakachemka yenyewe bila moto. Yalipopoa wakayamimina kwenye mafuta, shangazi akaanza kukoroga, mkono ukamchoka.

"Lete mwiko!" akaita.

Timazi akaruka kwa gongo moja, akarudi na mwiko. Mwiko wa kuashia, wa chuma, wenye ncha, aliojengea nyumba nusu ya mtaa.

Shangazi aliutazama. "Mungu wangu. Huyu nikimwagiza chungu ataniletea tofali."

Hata hivyo sabuni ilikorogwa, ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, wakaimimina katika kalibu ya matofali ya Timazi iliyotandikwa nailoni. Akaisawazisha juu kwa ule ule mwiko wake, akatoa na pima maji kuhakikisha imelala sawa. Shangazi alikuwa na safari ya kumwona binti yake. Akiwa mlangoni, mkoba begani, akageuka.

"Usiiguse. Iache ikomae."

"Shangazi," Timazi akasema, na kifua kikamtoka, "kukomaza nimezaliwa nako. Hapo usinifundishe kazi."

Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, kwa sababu ya neno moja tu. Kwa mpika sabuni, kukomaa ni kukaa pakavu penye hewa, wiki kadhaa, mpaka iwe ngumu. Kwa mwashi, kitu kinachokomaa ni zege, na zege halikomai mpaka limwagiliwe. Linafunikwa magunia yaliyoloa, linanyweshwa siku saba, la sivyo linapasuka. Kila mwashi anajua hilo kabla hajajua kusoma. Timazi akatafuta magunia yake ya zamani ya mchanga, akayalowesha, akaifunika sabuni. Asubuhi maji. Adhuhuri maji. Jioni maji.

Mama Kitinda alipita na nguo za mteja, akasimama. "Baba Kitinda, sabuni inamwagiliwa?"

"Ndiyo kukomaa kwenyewe."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi nimekomaza misingi ya ghorofa."

Mama Kitinda hakuwa amepika sabuni maishani mwake. Akaguna, akaenda zake.

Siku ya saba Timazi akaita watu. Mkewe akaja, Kitinda akaja. Akaondoa magunia kwa madaha kama anayezindua jengo, akachomeka mwiko kulitoa tofali la kwanza. Mwiko ukazama wote mpaka kwenye mpini. Mle kalibuni mlikuwa na urojo mweupe uliotepeta, umejaa mchanga ulioteremka kutoka kwenye magunia.

Kitinda alichungulia. "Baba, hii ni ya kula?"

Mama Kitinda alimpeleka mtoto ndani, kisha akarudi, na safari hii aligomba. Aligomba mpaka majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri. "Nilikuuliza! Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu! Miaka yote hii ukiulizwa unajua, ukiambiwa unajua! Bwana Vyombo akija asirudi mikono mitupu, na nisisikie mtu!" Timazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini, na machozi yakamtoka kwa uchungu, mwanaume mzima na plasta yake.

Siku mbili baadaye shangazi akarudi. Alipoelezwa alikaa chini kabisa, kwenye sakafu, akacheka mpaka akaomba maji.

"Umeimwagilia? Sabuni? Weee! Ungeitia na nondo basi isimame vizuri!"

Kisha akajifuta macho, akachukua urojo kidogo kwa ncha ya kidole, akaugusisha ulimini kama wazee wa kazi hiyo wanavyofanya. Akangoja. "Haiumi," akasema. "Soda imekwisha kazi yake. Sabuni ni sabuni, mwanangu, ila imekosa umbo. Isugulieni sufuria."

Mama Kitinda akajaribu kwenye sufuria iliyoungua, ile iliyokwisha kata tamaa. Mchanga laini ukasugua, sabuni ikakata mafuta, sufuria ikang'aa. Akasugua na ya pili.

Jioni ile akapita fundi magari wa gereji ya karibu kumjulia hali mgonjwa. Mikono yake ilikuwa myeusi ya grisi mpaka karibu na viwiko, hata kusalimia alisalimia kwa kiwiko. Shangazi akamwekea kopo la urojo karibu na bomba.

Fundi akapaka, akasugua, akasuuza. Akaigeuza mikono yake akiitazama. Mistari ya viganja ilikuwa inaonekana.

"Hii mmenunua wapi?"

"Imetengenezwa hapa hapa," akajibu Timazi kwa sauti ndogo.

"Ebo! Sisi tunanawa petroli, ngozi inapasuka, wake zetu hawataki hata tuwaguse. Nipe kopo. Nipe mawili. Bei gani?"

Timazi akafungua mdomo kutaja bei, kisha akaufunga, akageuka kumtazama mkewe. Mama Kitinda ndiye aliyetaja.

Mzigo wa pili ulitengenezwa kwa makusudi. Sasa sabuni ilimwagiliwa kwa heshima zote, siku saba, na mchanga ulichekechwa kwa wavu wa dirisha mpaka ukawa laini. Shangazi alikuja kuonja kila mzigo kabla haujatoka, na kila mara aliimba kwamba katika uhai wake hajaona upuuzi unaofanya kazi namna hii. Gereji ya kwanza ikaiambia ya pili. Nyumbani sabuni haikununuliwa tena. Mchana Mama Kitinda alishona kibarazani, Timazi akijaza makopo kando yake, na mara nyingine walipitisha saa nzima wakibishana kuhusu mchanga.

Lakini wiki ni wiki, haziongezwi. Ijumaa usiku walifungua kitambaa, wakakuta kodi ya miezi miwili na vijisenti. Wa tatu haukuwepo. Waliangaliana, wakakifunga kitambaa, wakalala kila mtu na lake.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ukasikika ukilia magurudumu. Bwana Vyombo akaegesha, akatoa kamba, akaisogelea cherehani. Timazi akasimama kwa magongo yake.

"Ngoja kidogo, bwana." "Mama Kitinda, nilisema nitafikisha, sikufikisha. Tulikubaliana, sikuzuii. Ila kuna jambo nataka huyu bwana alisikie, maana mimi nilikuwa nikikucheka mbele za watu, sasa siwezi kukuomba radhi kwa siri. Nyumba hii ulikuwa ukiibeba wewe. Mimi nilikuwa mgeni tu, tena mgeni wa makelele. Kola za shati langu nimeziona. Nisamehe, mke wangu."

Bwana Vyombo, maskini, alianza kukagua gurudumu la mkokoteni wake kana kwamba halijui.

Mama Kitinda alisimama mkono juu ya cherehani. "Unadhani nilikuwa nauza kwa ajili ya kodi?" akasema. "Kodi ningekopa kwa dada yangu siku ile ile. Nilichoka, Baba Kitinda. Nilichoka kuifikiria nyumba peke yangu, usiku wewe unakoroma mimi nagawanya unga kichwani. Nikasema acha niuze, niwe kama wengine, nisiwe na kitu cha kulinda."

"Na sasa?"

Mama Kitinda alimgeukia Bwana Vyombo. "Kaka, samahani kwa kukusumbua. Cherehani haiuzwi. Huo mwezi mmoja nilizungumza na mwenye nyumba juzi, amekubali kungoja."

"Juzi!" akasema Timazi. "Na jana usiku ukaniacha nilale na moyo mkononi?"

"Nilitaka nione utasema nini leo."

"Dada yangu," Bwana Vyombo akalalamika, "nimekuja na mkokoteni mtupu, nirudi nao mtupu?"

"Una makopo yenye vifuniko?"

Anayo, tena mengi, amekosa wa kumwuzia. Mama Kitinda akamwambia ayalete yote Jumatatu, bei wataelewana. Bwana Vyombo akaikunja kamba yake, akaondoka akitikisa kichwa, na kutoka mbali walimsikia akijisemea kuhusu watu wasiojua wanachotaka.

Mama Kitinda akavuta kigoda, akakiweka kando ya mumewe. Mahesabu ya nyumba ile alikuwa akiyafanya amesimama, miaka kumi na miwili, kati ya jiko na mlango.

"Kuna makopo ya robo na ya nusu," akasema. "Wewe unaonaje, tuanze na yapi?"

Timazi, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alifikiri muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Hebu keti tupange."

Akausogeza mguu wake wenye plasta kumpisha, naye akaketi.